Somo la Historia: Mke wa Daktari Alikuwa Wapi?

  Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja: MKATABA. Lisomeni pamoja: m-ka-ta-ba.

Mkataba ni mapatano ya kazi. Mwajiri huahidi mshahara, na mfanyakazi huahidi kazi yake. Leo tutaona kwamba mkataba hutiwa sahihi na mtu mmoja, lakini hutimizwa na nyumba nzima.

Wengi wenu mmepita penye mnara wa Ujiji, pale kwenye miembe. Mnajua kwamba mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta Ujiji Daktari David Livingstone, naye alikuwa mgonjwa na ameishiwa na mali. Habari za wanaume hao wawili mmezisikia mara nyingi. Sasa nawauliza: mke wa daktari alikuwa wapi siku ile? Na watoto wake je?

Sikilizeni. Livingstone, mtu wa Scotland, alipata cheti cha udaktari mwaka 1840. Mwaka ule ule chama cha wamisionari cha London kilimtuma Afrika ya Kusini. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari, aliyezaliwa huko huko Afrika. Bibi Mary alifundisha watoto, akatengeneza sabuni na mishumaa, akalea wanawe. Kazi hizo hakulipwa mshahara. Chama kilimlipa mume mmoja, kikapata wafanyakazi wawili.

Livingstone alitaka kusafiri bara. Mwaka 1850 Mary alifuatana naye jangwani Kalahari, naye ni mjamzito, tena ana watoto wadogo. Waliporudi alijifungua mtoto wa kike, na mtoto yule akafa baada ya majuma machache. Aprili 1852 mumewe akampandisha meli pamoja na watoto wanne, waende Uingereza. Wakakaa mbali naye zaidi ya miaka minne. Bibi Mary alipewa posho kidogo tu, hakuwa na nyumba yake, akawa anahamahama. Wakati huo mumewe alikuwa akivuka Afrika kutoka magharibi hata mashariki, na jina lake likasifiwa kote.

Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimwajiri Livingstone kuwa balozi mdogo, kwa mshahara wa pauni 500 kwa mwaka. Mshahara ulikuwa mkubwa, lakini nyumba je? Mary alianza safari pamoja naye. Ikaonekana kwamba ana mimba, akaachwa kwa wazazi wake. Mwaka 1862 alimfuata mumewe kwenye Mto Zambezi. Baada ya miezi michache tu, tarehe 27 Aprili, alikufa kwa homa mahali paitwapo Shupanga. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mwana wao wa kwanza, Robert, aliingia vitani Marekani, akafa mateka mwaka 1864, kijana wa miaka 18.

Basi jibu letu ni hili: Stanley alipofika Ujiji, Bibi Mary alikuwa kaburini miaka tisa. Stanley alipoondoka alichukua barua za daktari kwa watoto wake. Livingstone hakuwaona tena. Alikufa mwaka 1873 katika nchi inayoitwa sasa Zambia. Alikuwa ameandika kwamba alijuta kutotenga wakati wa kucheza na wanawe.

Siwaambii mumlaumu tu. Alipinga biashara ya watumwa kwa nguvu zake zote. Lakini deni la kazi yake lililipwa na mke na watoto, nao hawakuulizwa.

Siku hizi daktari huenda akawa mama mwenyewe. Mwaka 1987 madaktari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, MEWATA. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, hupewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Baba hupewa siku 3.

Hata hivyo, sheria haifupishi njia. Daktari akipangiwa hospitali ya huku Kigoma, na mumewe anafanya kazi Dodoma, nani atalala na mtoto usiku mama anapoitwa kwa mgonjwa? Swali hili halimhusu daktari peke yake. Linamhusu pia mwalimu, askari, na mfanyakazi wa meli.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, someni, mume na mke pamoja. Kazi ni wapi? Nyumba ipo? Likizo ni siku ngapi? Nauli ya jamaa italipwa na nani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo sababu mnajifunza kusoma.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Bibi Mary alifanya kazi gani zisizolipwa?
2. Mama hupewa siku ngapi za likizo ya uzazi? Na baba je?
3. Katika nyumba yako, nani huulizwa kabla ya mtu kukubali kazi ya mbali?

Kwa herini, mpaka juma lijalo.