Matokeo Yasomwe Chini ya Mbuyu

Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetafuta mada ya utafiti, mimi namwelekeza Kongwa.

Mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori la huko ili walime karanga, mvua na udongo hawajavichunguza vya kutosha. Kufikia 1951 walikuwa wameshindwa, na pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na vumbi.

Waliokuja baadaye kutafiti vikope, maradhi yanayopofusha, waliwauliza kina mama. Maji yalikuwa ya shida. Katika ndoo moja, uso wa mtoto ulingoja zamu. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalihusu vijiji sita: vyote vilipewa dawa ya macho, vitatu vikahimizwa pia kuwanawisha watoto. Katika hivyo vitatu, vikope vikali vilipungua zaidi. Kuhesabu nyuso zenye tongotongo, kazi hiyo mwanafunzi anaiweza!

Lakini akishasoma matokeo ukumbini kwa Kiingereza, akapigiwa makofi, nani atamweleza mama aliyemleta mwanawe apimwe? Ningekuwa mwalimu wake, alama za mwisho ningezizuia mpaka ayasome kwa Kiswahili chini ya mbuyu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kina mama wamuulize maswali.