Nyaraka za Kiini cha Linux na Kiswahili cha Arua na Koboko

Linus Torvalds alipotoa kiini cha Linux mwaka 1991, nyaraka zake zilikuwa chache; zilipoongezeka, zilitawanyika. Mwaka 2016 zilianza kuhamishiwa katika mfumo mmoja, Sphinx, huku zikisahihishwa na kupangwa upya. Tafsiri za Kichina, Kijapani na Kikorea zimo. Kiswahili hakimo, ijapokuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Huko Arua na Koboko, Kiswahili kilienezwa na askari na wafanyabiashara muda mrefu kabla Baraza la Mawaziri la Uganda halijakiridhia kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Uamuzi huo hautamfikia fundi wa kompyuta wa Koboko iwapo istilahi zitabaki kamusini, bila nyaraka za kumwongoza kazini.