Mandolini ya Mwaka wa 1923: Ala, Matunzo na Historia

Waandishi wa historia ya muziki aghalabu huwaelekea watunzi na waimbaji, wakaiacha ala kana kwamba haina maisha yake yenyewe. Ilhali kila ala kongwe ina historia mbili: ya kuundwa kwake na ya kutunzwa kwake. Ya kwanza huandikwa. Ya pili hupuuzwa, ingawa ndiyo iliyoifikisha ala hiyo mikononi mwa kizazi cha baadaye. Mandolini moja ya Marekani yatosha kuwa mfano.

Nasaba ya mandolini yakaribiana na ya udi. Neno la Kiarabu lililotupa udi lina maana ya mti au ubao. Pamoja na kiambishi chake al-, liliingia Ulaya na kuzaa liuto ya Kiitalia. Katika ukoo huo wa ala palikuwapo mandola, na mandolino ni udogo wa jina hilo. Katika karne ya 18 mafundi wa Naples, hasa wa jamaa ya Vinaccia, waliunda mandolini yenye mgongo wa mviringo na jozi nne za nyuzi, zilizopatanishwa kama nyuzi za fidla.

Huko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Orville Gibson aliiacha njia hiyo. Hataza aliyopewa mwaka wa 1898 ilihusu mandolini ya kuchongwa, si ya kukunjwa kwa vipande vyembamba. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka wa 1902, na mwaka wa 1922 ilitoa aina iitwayo F-5, chini ya uangalizi wa Lloyd Loar. Ala hiyo ilikuwa na matundu mawili yenye umbo la herufi f, mfano wa fidla. Loar aliondoka kampunini mwaka wa 1924; kwa hiyo ala zenye saini yake ni chache, nazo husakwa sana.

Kuitunza ala ya namna hiyo kwahitaji subira kuliko nguvu. Kijiti kinachoziinua nyuzi hakikugandishwa kwa gundi. Hushikiliwa mahali pake na mkazo wa nyuzi zenyewe. Mwenye kuzifungua zote nane kwa mara moja hukipoteza mahali pake, na sauti ikaharibika; ndiyo sababu hubadilishwa mmoja mmoja. Hewa kavu hupasua mbao, na unyevu mwingi huilegeza gundi. Gundi ya kale, iliyopikwa kwa ngozi za wanyama, ina fadhila moja: fundi aweza kuilainisha kwa joto na maji, akakifungua kiungo bila kukivunja. Vanishi ya asili haikwanguliwi kwa tamaa ya kuipendezesha ala. Zaidi ya yote, ala yapaswa kupigwa, kwani mpigaji ndiye wa kwanza kusikia ufa au kulegea kwa kiungo.

Katikati ya miaka ya 1940 Bill Monroe, mzaliwa wa Kentucky, aliikuta F-5 yenye saini ya Loar ya tarehe 9 Julai 1923 ikiuzwa katika duka la kinyozi mjini Miami. Aliinunua kwa dola 150. Kwa mapigo yake makali na ya mkato, mandolini, ambayo katika bendi nyingi ilikuwa ala ya kupamba tu, ikawa mhimili wa mdundo. Na jina la bendi yake, Blue Grass Boys, likawa jina la aina nzima ya muziki. Vanishi ilichakaa kwa mikono yake. Wakati mmoja, kwa kutoridhika na matengenezo, aliukwangua uandishi wa kampuni uliokuwa kichwani mwa ala.

Mwezi Novemba 1985 mtu asiyejulikana aliingia nyumbani mwa Monroe akaivunja mandolini hiyo kwa chuma cha kuchochea moto. Fundi Charles Derrington aliviokota vipande, vingine vidogo kama vibanzi, akaviunga kimoja kimoja. Angaliweza kuuchonga uso mpya kwa taabu ndogo zaidi; lakini aliiona mbao ya 1923 kuwa ndiyo ala. Mwaka wa 1986 mwenyewe alirudishiwa, akaendelea kuipiga hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka wa 1996.

Je, iliyorudi ilikuwa ala ile ile? Kwa anayepima ukamilifu wa mbao, jibu lina shaka. Kwa anayepima mfululizo wa kazi, hapana shaka: mikono ile ile iliitambua, na makovu yakawa sehemu ya maandishi yake. Leo ala hiyo imehifadhiwa katika makumbusho mjini Nashville. Imeokoka, lakini kwa gharama ya ukimya.

Pwani ya Afrika Mashariki yajua upande wa pili wa jambo hili. Kibangala, ala ya mti mmoja uliochongwa na kuwambwa ngozi, iliachia udi nafasi yake. Fundi anapokosa mwanafunzi, majina ya sehemu za ala na ya namna za kuikaza na kuipiga hutoweka pamoja naye. Hubaki jina la ala peke yake, mfano wa nyumba isiyo na wakazi. Mandolini ya Kalamazoo iliunganishwa kwa sababu alikuwapo fundi aliyejua kila kibanzi kilikaa wapi.