Vidole Visivyosikika

Hapa Holili, mpakani na Taveta, najifunza gitaa kwa simu. Mwalimu wangu wa video hanijui, lakini namrudisha nyuma hata mara ishirini na hachoki. Juzi somo lilikuwa "Smoke on the Water" ya Deep Purple, ya mwaka 1972. Kumbe pale Ritchie Blackmore anachomoa nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole, bila piki! Santuri isingeniambia hivyo.

Hebu basi tuwafikirie waliotutangulia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga" kule Jadotville, Katanga, mji ambao leo ni Likasi. Santuri ikafika mbali. Mkono ukabaki Katanga. Bosco alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, ila asiyemwona angeweza kuapa kwamba magitaa ni mawili. Mwaka 1961 msomi David Rycroft alianza kuchapisha uchambuzi wa upigaji huo. Baadaye mpiga gitaa John Low akafunga safari hadi Shaba, na kitabu cha safari hiyo kikatoka 1982. Yote hayo, kuvitafuta vidole!

Siilaumu simu, imenipa kiti mbele ya mwalimu. Lakini wapigaji wetu wa zamani, kwa kukosa kiti hicho, walijitafutia njia ya kuifikia sauti, na humo njiani wengine wakapata mkono wao wenyewe. Ndiyo maana siku hizi nasikiliza kwanza, nahangaika na nyuzi, video baadaye.