Mstari Uliokata Watu Wamoja

Leo tunaongea juu ya taifa moja kukatwa vipande, na juu ya kazi ya kuliunga tena.

Tuanze mbali kidogo. Wakorea ni watu wa lugha moja, waliotawaliwa na Wajapani tangu 1910. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Marekani na Urusi ya Kisovieti ziligawana nchi yao kwa mstari uliochorwa kwenye ramani. Wakorea wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1948 zikazaliwa serikali mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo Korea ya kweli. Mwaka 1950 jeshi la Kaskazini likavuka mstari, na vita ikadumu miaka mitatu. Tarehe 27 Julai 1953 silaha zilinyamaza, lakini mkataba wa amani haujatiwa sahihi hata leo. Kusini peke yake, watu zaidi ya 130,000 walijiandikisha wakitafuta ndugu zao wa ng'ambo. Wengi wamekwisha kufa bila kuwaona.

Mtasema: Korea ni mbali, inatuhusu nini? Ndugu, sisi nasi tulionja. Tangu tarehe 2 Agosti 1998, Kongo ilikuwa na wakubwa wengi: serikali Kinshasa, RCD Goma, MLC Gbadolite. Majeshi ya nchi jirani yaliingia pande zote. Kwetu mstari ulizunguka mji wa Shabunda wenyewe. Mjini walikaa askari wa RCD na wa Rwanda. Porini walikaa Mai-Mai. Mtu wa mjini akienda shambani kuchimba mihogo, porini aliitwa mtu wa RCD. Akirudi, mjini aliulizwa amewapelekea Mai-Mai habari gani. Wamama walitekwa njiani, wakashikwa porini na kutendewa mabaya. Waliporudi, wengine walikataliwa na mabwana zao.

Hata hivyo Kongo haikubaki kama Korea. Waasi waligombea uongozi wa Kongo. Hawakusimamisha taifa jingine. Tena, kule Sun City, Afrika Kusini, mwaka 2002, walikaa pamoja serikali, waasi, Mai-Mai, vyama vya siasa na mashirika ya raia. Mkataba ukatiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002. Tarehe 30 Juni 2003 ikaanza serikali ya rais mmoja na makamu wanne.

Lakini wakubwa waligawana vyeo. Jirani aliyemshtaki jirani hakupatanishwa naye. Jeraha lile lilifunikwa tu. Mwaka 2025, M23 iliposhika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mstari ulichorwa tena. Jamaa nyingi zilijikuta pande mbili, na maneno ya zamani yakarudi: "Huyu ni wao, yule ni wetu."

Ndugu wakuu wa vijiji, mstari wa ramani hatuwezi kuufuta sisi. Ule wa kijijini tunauweza. Mtu akifika kutoka upande wa pili, aulizwe kwanza kama amekula. Akishtakiwa kuwa mpelelezi, asihukumiwe na vijana njiani. Mashtaka yafike mbele ya wazee, na wakimbizi wawe na wao hapo. Mama aliyetekwa apokewe nyumbani kwake, kwa maana aibu ni ya aliyemtesa.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Katika kijiji chetu, nani bado anaitwa kwa jina la kundi lililompitia wakati wa vita?
2. Nani anaweza kwenda kwake kwanza?

Wapanda mihogo wa porini na wa mjini watakutana tena sokoni. Tuwaandalie njia.