Riwaya Nyepesi za Mapenzi na Mdororo wa Usomaji Baada ya Kisomo cha Watu Wazima: Mtazamo Kutoka Kingolwira, Morogoro

Utangulizi

Mtu anayejua kusoma anaweza kuacha kusoma bila kukatazwa na yeyote. Hufungua kitabu, husoma kurasa mbili, hukiweka kando, na miezi hupita. Hali hiyo katika makala hii inaitwa mdororo wa usomaji. Wasomaji wenye vitabu tele huichukulia kuwa uchovu wa mtu binafsi, na tiba wanayopeana ni riwaya nyepesi ya mapenzi: fupi, yenye ucheshi na majibizano mengi, na ambayo msomaji anajua tangu mwanzo kwamba wawili hao watapatana. Tanzania iliupata mdororo huo kwa upana wa taifa zima, katika miaka iliyofuata kampeni ya kisomo cha watu wazima. Makala hii inadai kwamba riwaya ya mapenzi ilifanya kazi ambayo vitabu vya kisomo havikuiweza, yaani kumfanya mtu atake kufunua ukurasa unaofuata. Na kwamba iliifanya kazi hiyo ikiwa imefungwa mikono, kwa sababu haikuruhusiwa kuwa nyepesi kama wasomaji wake walivyoihitaji.

Kingolwira imechaguliwa kuwa mahali pa kusimama na kutazama. Kata hii iko mashariki mwa mji wa Morogoro, kandokando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na ina stesheni yake kwenye Reli ya Kati, ambayo kipande chake cha kutoka pwani kilifika Morogoro mwaka 1907. Jirani yake yalikuwako mashamba ya mkonge, kama Tungi na Pangawe, na jina lenyewe linajulikana nchini kote kwa magereza yake ya kilimo, likiwamo la wanawake. Kusini yake inasimama milima ya Uluguru. Kwa maneno mengine, hapa hapakuwa kijiji kilichojitenga wala mjini hasa. Palikuwa mahali pa mfanyakazi wa kibarua, askari magereza na mkewe, mkulima mwenye mazao ya kupeleka sokoni, na msafiri anayengoja garimoshi. Watu wa namna hiyo ndio waliolengwa na kisomo, na ndio hao hao ambao baadaye walilengwa na wauza riwaya.

Kisomo na vitabu vyake

Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, tangu 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ulikuwa umejaribu mbinu iliyoitwa kisomo chenye manufaa, ambapo mtu hujifunza herufi kupitia kazi yake: pamba kwa mlima pamba, ndizi kwa mlima ndizi, samaki kwa mvuvi, mapishi na malezi kwa mama wa nyumbani. Mbinu hiyo ilienezwa nchi nzima. Matokeo yake katika takwimu yalikuwa makubwa. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39. Mwaka 1977 wakawa asilimia 27. Mwaka 1986 wakawa asilimia 9.6. Hakuna nchi jirani iliyoweza kuonyesha mteremko wa namna hiyo.

Namna ya kuhesabu inahitaji kutazamwa kwa makini. Mtihani ulikuwa na ngazi nne, na aliyefika ngazi ya tatu au ya nne alihesabiwa kuwa amehitimu. Mhitimu alikuwa mtu aliyeweza kusoma maandishi mepesi, kuandika ujumbe na kufanya hesabu za kila siku. Kuweza huko ni kama njia ya miguu shambani: isipopitwa huota majani. Waandaaji wa kampeni walilijua hilo vizuri, na ndiyo maana wakaanzisha maktaba za vijijini, magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, vyuo vya maendeleo ya wananchi kuanzia 1975, na kampeni za redio zilizoambatana na vijitabu. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kusoma. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975.

Kilichokosekana kinaonekana kwa kutazama rafu. Vitabu vilivyokusudiwa kumfuata mhitimu hadi nyumbani vilizungumzia mbolea, choo, lishe, ufugaji wa kuku na siasa ya chama. Vilikuwa vitabu vyema kwa kazi yake. Lakini mkulima wa mteremko wa Uluguru, aliyefundishwa kilimo na mama yake kabla hajafundishwa herufi, hakuwa na sababu ya kukesha na taa ya kibatari ili asome habari za shamba alilotoka kulilima mchana. Kitabu cha maelekezo husomwa pale tu maelekezo yanapohitajika. Baada ya hapo hufungwa. Takwimu zilianza kurudi nyuma: kufikia mwaka 1992 kiwango cha wasiojua kusoma kilikadiriwa kuwa asilimia 16. Sababu zinazotajwa ni za kweli, yaani uchumi uliodorora, posho za walimu zilizokoma na madarasa yaliyofungwa. Hata hivyo sababu hizo zinaeleza zaidi kwa nini watu wapya hawakufundishwa. Kwa nini waliokwisha kufundishwa waliacha kusoma ni swali jingine, na jibu lake lazima litafutwe katika kile walichopewa kusoma.

Barua, nyimbo na haja ya hadithi

Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume katika madarasa ya kisomo. Miongoni mwa haja zilizowaleta watu darasani, haja ya kusoma barua bila kumpelekea mtu mwingine ilikuwa mojawapo ya zile zilizosikika sana, na ni rahisi kuona kwa nini. Mke ambaye mume wake ameajiriwa mbali, au amefungwa, hupokea barua yenye mambo ambayo hangependa yatamkwe na mtoto wa jirani. Kujua kusoma, kwa mtu wa namna hiyo, ni kuwa na siri. Mtaala ulimwona kama mama wa lishe na usafi. Mwenyewe alikuja na jambo la moyo.

Tena Morogoro ulikuwa mji wa nyimbo za mapenzi. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz iliyompa Mbaraka Mwinshehe umaarufu kabla hajaunda Super Volcano, zilikuwa zimekwisha kuwazoesha wakazi wa mji na viunga vyake kusikiliza kisa cha mapenzi kwa Kiswahili: anayeahidi, anayesubiri, anayelalamika. Masikio yalikuwa tayari. Riwaya ya mapenzi ilipofika haikulazimika kujieleza.

Riwaya zenyewe

Mwaka 1971 zilitoka riwaya mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni Mwisho wa Mapenzi ya John Simbamwene. Ya pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ambayo wahakiki huiweka katika kundi la riwaya dhati, ingawa wasomaji wengi waliichukua kwa mikono ile ile waliyochukulia riwaya pendwa. Katika Rosa Mistika, balaa huanza na barua ya mapenzi: baba anaigundua na kumpiga binti yake. Binti huyo, aliyelelewa kwa kufungiwa, baadaye anafika katika chuo cha ualimu cha Morogoro, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya hiyo ilizuiwa kwa muda kutumika shuleni. Inafaa kuzingatia jambo hili: mwaka mmoja tu baada ya serikali kuwaita watu wazima waje wasome, kitabu kilichoeleza kwa ujasiri ni nini hutokea msichana anapopata barua kilionekana kuwa hatari kwa wasomaji vijana.

Baada ya hapo yakaja mafuriko. Faraji Katalambulla, aliyekuwa amefungua njia kwa Simu ya Kifo mwaka 1965, aliendelea kuandika. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga, Agoro Anduru na Ben Mtobwa wakafuata. Nyingi za riwaya hizi huitwa za upelelezi, lakini mapenzi yamo karibu katika zote, na mara nyingi ndiyo yanayomvuta msomaji kutoka sura moja hadi nyingine. Hammie Rajab anatuhusu kwa sababu mbili. Miujiza ya Mlima Kolelo inachukua jina la mahali pa tambiko katika milima ya Uluguru, pale ambapo wakati wa vita vya Maji Maji watu walitafuta nguvu. Gubu la Wifi nalo ni jina linalocheka: kila mwanamke aliyeolewa analielewa kabla hajafunua jalada.

Kwa mtu aliyehitimu ngazi ya nne, umbo la vitabu hivi lilikuwa msaada wenyewe. Sura ni fupi. Majibizano ni mengi, hivyo ukurasa una nafasi nyeupe na macho hayachoki. Msamiati ni wa mtaani, na mahali panapotajwa ni baa, gesti, ofisi na vituo vya basi. Sentensi hujirudia, jambo ambalo mhakiki hulihesabu kuwa udhaifu, lakini anayesoma polepole hulipokea kama mkono wa kumshika. Zaidi ya yote, kuna swali moja lisilojibiwa hadi mwisho, nalo ni la watu wawili.

Inaweza kupingwa kwamba wanunuzi wa riwaya hizi hawakuwa wahitimu wa kisomo, bali vijana waliomaliza darasa la saba baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza mwaka 1977. Pingamizi hilo lina nguvu, nami nalikubali kwa sehemu. Lakini kijana wa darasa la saba alikumbwa na mdororo ule ule: vitabu alivyovijua vilikuwa vya mtihani, na mtihani ukishapita havikuwa na kazi tena. Isitoshe, kitabu cha namna hii hakikusomwa na mnunuzi peke yake. Kiliazimwa hadi jalada likatoka, na mara nyingi kilisomwa kwa sauti. Kumtenga mnunuzi na wasikilizaji wake ni kuhesabu usomaji wa Kiswahili kwa kipimo cha mahali ambapo kila mtu ana chumba chake na taa yake.

Wepesi uliozuiwa

Wahakiki wa miaka ya 1970, hasa waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliitaka fasihi iutumikie ujamaa, na waliihukumu riwaya pendwa kuwa inawatorosha watu kutoka katika hali zao halisi. Hukumu hiyo ilikuwa na msingi, lakini ilikosa kuuliza mtu anayetoroka anatumia njia gani. Alikuwa anatoroka kwa kusoma.

Waandishi walijibu kwa kujihami. Hadithi ya mapenzi ilivalishwa fundisho, na fundisho hilo kwa kawaida lilimwangukia mwanamke: anayependa pesa huishia pabaya, anayemkaidi baba hupata mimba, anayehamia mjini hupotea. Hapa ndipo palipo na ugumu ambao mtafiti hapaswi kuupita haraka. Wanawake, waliokuwa wengi katika kisomo, walipewa kama burudani hadithi zilizowaadhibu watu wanaofanana nao. Riwaya ya mapenzi yenye kicheko, ambamo msichana anakosea kidogo, anataniwa, anasamehewa na kuolewa na anayemtaka, ni adimu katika rafu ya miaka hiyo. Ni ajabu, kwa sababu kicheko cha namna hiyo kimejaa katika utani wa makabila na ngano za jioni, na Waluguru hawakuwa nyuma katika hilo. Kilichokizuia kisiingie kitabuni ni hofu ya kuambiwa kwamba kitabu hakina funzo.

Hata hivyo soko lilisema neno. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na miaka iliyofuata fedha za kigeni na karatasi vilikuwa haba. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza uzalishaji mwaka 1985 tu. Katika ukame huo wachapishaji wadogo wa Dar es Salaam, baadhi yao wakiwa ni waandishi wenyewe, waliendelea kutoa vitabu vyembamba vya mapenzi na upelelezi bila ruzuku. Ben Mtobwa alikuwa na Heko, iliyotoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Biashara isiyo na ruzuku haiendi pasipo msomaji anayerudi.

Kutoka kitabuni hadi gazetini na simuni

Miaka ya 1990 magazeti binafsi yaliporuhusiwa kushamiri, hadithi ya mapenzi ilihama. Eric Shigongo, kupitia magazeti ya Global Publishers, aliigawa vipande vipande, na kila kipande kikakatwa pale moyo unapodunda. Rais Anampenda Mke Wangu ni mfano wa namna jina lenyewe lilivyofanywa chambo. Uta Reuster-Jahn ameuchunguza utaratibu huo katika makala aliyoitoa katika jarida la Swahili Forum mwaka 2008. Kwa mtu wa Kingolwira gazeti lilikuwa na faida ambayo kitabu hakikuwa nayo: lilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam asubuhi ile ile, liligharimu kidogo, na lilipoisha lilifungia maandazi. Aliyeshindwa na kurasa 120 aliweza safu mbili. Wiki iliyofuata aliweza safu mbili nyingine, na kwa mwendo huo alimaliza riwaya nzima bila kujua kwamba amemaliza riwaya.

Leo kipande hicho kinafika kwa simu. Watunzi wa simulizi hutoa sehemu za mwanzo bure katika mitandao ya kijamii, kisha, pale ambapo msichana amefungua mlango na kumkuta asiyemtarajia, hutoa namba ya kulipia. Kiasi ni kidogo, na malipo hupitia mtandao wa simu. Anayelipa anaweza kuwa muuza mboga kando ya barabara ya Morogoro, ambaye fomu ya sensa ikimuuliza kama anasoma vitabu atajibu kwamba hapana.