Twiga Tuliyemtuma Bila Kumwona

Dunia nzima hupita Tunduma. Shaba ya Kongo na Zambia hushuka hapa ikielekea bandarini Dar es Salaam, mafuta na magari ya mtumba hupanda kwenda Lusaka na Lubumbashi, na foleni ya malori ikikaza, madereva hufua nguo na kuzianika kwenye vyuma vya treila. Lakini tangu nianze kukusanya postikadi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, sijawahi kushika kadi ya dukani yenye picha ya mji huu. Ninazo za maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, za Kremlin, za kanisa kuu la Köln, hata moja ya pengwini. Ya Tunduma, hakuna. Kila nikitafuta sababu najikuta nimerudi enzi ya Mjerumani.

Postikadi si kitu cha kale. Ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869: karatasi ngumu isiyo na picha, stempu imechapwa humohumo, kwa ajili ya mtu mwenye maneno machache. Mwaka 1874 mataifa yalikutana Bern, Uswisi, yakaunda umoja wa posta, na kadi ikaanza kuvuka mipaka bila kila nchi kudai chake njiani. Picha zilifuata, na pwani yetu hazikuchelewa. Zanzibar walikuwapo wapiga picha wa Kigoa, akina A. C. Gomes na ndugu wa Pereira de Lord, waliouza kadi za jumba la Beit al-Ajaib, za vichochoro vya Mji Mkongwe na za majahazi. Abiria wa meli alishuka, akanunua, akaandika mistari miwili, akaiacha posta, akarudi melini kabla honi haijalia.

Sisi wakusanyaji huisoma kadi kabla ya kusoma maneno yake. Igeuze. Ukikuta mgongo wote ni wa anwani na salamu zimebanwa pembeni mwa picha upande wa mbele, umeshika kitu cha zamani. Ujerumani iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari mwaka 1905, na kanuni za kimataifa zikafuata mwaka 1907. Kwa kadi za Zanzibar kuna kipimo kingine. Zamani mbele ya Beit al-Ajaib palisimama mnara wa taa, peke yake. Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896 mnara ule uliharibika, na baadaye jumba likajengewa mnara mwingine uliounganishwa na ukumbi wake wa mbele. Ukiona mnara umesimama peke yake, picha ilipigwa kabla ya mizinga. Huo wa pili nao uliporomoka na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo hata kadi za watalii nilizokuwa nikizidharau sasa ni historia.

Huku nyanda za juu hapakuwa na meli ya kushusha mnunuzi. Mpaka wetu ulichorwa Ulaya, kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, kutoka mdomo wa Mto Songwe kwenye Ziwa Nyasa hadi Mto Kalambo unaomwaga maji Ziwa Tanganyika, na Waingereza wakahakikisha kwamba Barabara ya Stevenson, ile ya kuunganisha maziwa hayo mawili, inabaki upande wao. Posta za Wajerumani za karibu zilikuwa Langenburg kando ya Ziwa Nyasa, halafu Langenburg Mpya, ambayo leo ni Tukuyu, na Bismarckburg, yaani Kasanga. Ng'ambo ya mpaka kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa na boma lake Fife, si mbali na Nakonde ya sasa. Wamoravian wa Herrnhut, waliofika Rungwe mwaka 1891 kisha wakaja kujenga misheni Mbozi, walikabidhi barua zao kwa matarishi waliotembea kwa miguu hadi ziwani. Kutoka hapo zilishuka kwa Mto Shire na Zambezi mpaka Chinde, pwani ya Msumbiji, ndipo zikaonana na bahari.

Nina stempu moja ya enzi hiyo, niliyoipata kwa kubadilishana na Mjerumani mmoja mzee kwa barua. Ni ya heller 4, ya kijani, toleo la mwaka 1905. Picha yake ni Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaiser Wilhelm. Meli hiyohiyo ilichapwa kwenye stempu za Togo, Kamerun na Samoa, jina la koloni na thamani tu ndivyo vilivyobadilika. Kwa hiyo kadi iliyotoka Mbozi kwa miguu, kwenye nchi ambayo bahari ilikuwa mwendo wa majuma, ilibandikwa meli ambayo tarishi Mnyiha aliyebeba kadi hakuwahi kuiona, wala mwenye meli hakuwahi kuiona Mbozi.

Waingereza walipoikalia Tanganyika waliiondoa meli wakaweka mnyama. Stempu za mwaka 1922 zina kichwa cha twiga, shingo imekatwa na fremu, masikio yamesimama. Ni stempu nzuri, sibishi. Ila ndipo ilipoanza tabia ya nchi nzima kuwakilishwa na wanyama wa mbuga chache. Mimi nimezaliwa Vwawa, Mbozi, kwenye mibuni. Twiga wangu wa kwanza nilimwona Mikumi, kupitia dirisha la basi, nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshawatuma twiga wengi ng'ambo.

Kadi zilinifikia kwa njia ya reli. Baba alikuwa kwenye gengi la TAZARA, akitengeneza njia. Wachina waliojenga reli ile ya kilomita 1,860, iliyokabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976, waliacha vitu vingi majumbani mwetu: majembe, chupa za chai, beji za Mao. Kwetu waliacha pakiti ya postikadi. Hazikuuzwa mojamoja kama za dukani. Zilikaa kwenye mfuko wa karatasi wenye kifuniko cha kukunja, na kila kadi ilikuwa na maelezo ya Kichina na Kiingereza. Niliyoipenda ni daraja la Mto Yangtze mjini Nanjing, lililofunguliwa mwaka 1968. Treni hupita chini, magari juu. Rangi zake zilikuwa kali kupita rangi za kweli, mto wa samawati kabisa, na juu ya minara kuna bendera tatu nyekundu za kuchongwa. Baba aliiangalia kadi ile kwa jicho la kazi. Alihesabu nguzo, akauliza mataruma hubadilishwaje treni zikiwa hazikomi. Hilo la mataruma sijapata jibu mpaka leo.

Shuleni tulikuwa na soko. Kadi moja ya mnyama ilikuwa sawa na mbili za majengo. Kadi ya theluji haikuwa na bei, mwenye nayo alisema anachotaka. Watoto wa Nakonde walikuwa na Mosi-oa-Tunya nyingi hadi kuzichoka, na kwetu ilikuwa adimu, kwa hiyo walikuja nazo na kurudi na Kilimanjaro. Mpaka wenyewe ulikuwa wa kuvuka kwa miguu, wenye ndugu pande zote mbili. Wanyamwanga hawakuulizwa na Ulaya wanaishi wapi, na shangazi zao walikuwa kulekule walikokuwa siku zote. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, mama alifukia nyuma ya nyumba sabuni aliyonunua Nakonde, na kadi zangu za Zambia akazifukia humohumo. Hakuna sheria iliyokataza picha ya maporomoko, lakini mama hakutaka kujadiliana na mgambo. Tulipozifukua zilinuka sabuni, na moja bado inanuka.

Mlango mwingine ulikuwa redio. Kwenye masafa mafupi tulipata Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, Radio Peking iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na Deutsche Welle ya Köln, ya mwaka 1963, zote zikihimiza wasikilizaji waandike. Ukiandika, ulijibiwa. Köln walituma kadi za kanisa lao lenye minara miwili ya mita 157, lililoanza kujengwa mwaka 1248 na kukamilika 1880. Peking walituma kalenda na picha za Ukuta Mkuu. Kwa kuwa posta yetu haikumfuata mtu nyumbani, anwani yangu ilikuwa sanduku la posta la shule. Mwalimu wa zamu alisoma majina mstarini asubuhi, na kadi haina bahasha, kwa hiyo ilinifikia ikiwa imeshasomwa na ofisi nzima. Sikuona ubaya. Kadi iliyosomwa na mwalimu mkuu ilikuwa na heshima zaidi.

Tabu ilikuwa kujibu. Rafiki wa kalamu wa Leipzig ametuma kadi ya mji wake, anataka ya mji wangu. Duka la vitabu Mbeya lilikuwa na aina chache tu: simba amelala, tembo chini ya Kilimanjaro, Mmasai na mkuki, twiga machweo. Nyuma, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba zimechapwa Nairobi, mara nyingi na Sapra Studio. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 ukafunguliwa mwaka 1983, kwa hiyo kwa miaka hiyo tulinunua mabaki ya zamani, kona zimegeuka njano. Nikamtuma tembo. Akajibu akiuliza kama tembo hawaharibu bustani yetu. Nilimwandikia kwamba kwetu bustani huharibiwa na nyani na mbuzi wa jirani, lakini kadi ya mbuzi wa jirani haikuwapo dukani.

Stempu zilitutendea haki kidogo kuliko kadi. Oktoba 1976 posta ya Afrika Mashariki ilitoa seti ya reli, na ya senti 50 ilikuwa reli yetu, bega kwa bega na stesheni ya Nakuru na daraja la Nile. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Zambia nayo ilitoa zake kusherehekea reli hiyohiyo, na walikuwa wakweli kuliko sisi: mojawapo inaonyesha shaba ikitoka, nyingine mitambo ikiingia. Kisha Oktoba 1980 Tanzania ikatoa wanyama, na kwa mara ya kwanza nikaona waliochaguliwa si simba na tembo peke yao. Nguchiro alikuwa wa senti 40, nyegere wa senti 50, pimbi wa senti 75. Pimbi! Kaka zangu walikuwa wakimwinda kwenye mawe. Nilinunua pimbi kwa hela ya daftari na kumbandika kwenye kila barua, hata pale ambapo nauli ilidai chini ya hapo.

Miaka ya 1990 sitaikalia sana. Stempu zenye jina la Tanzania zikajaa dinosaria na waigizaji wa sinema wa Marekani, zikiuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo, na karani wa posta niliyemwonyesha moja aliishika kwa ncha za vidole kama noti bandia. Halafu simu za mkononi zikaja.

Kubadilishana hakukufa, kulihama. Tangu tarehe 14 Julai 2005 upo mpango wa Postcrossing, ulioanzishwa na Mreno Paulo Magalhães: unapewa anwani ya mtu usiyemjua, unamtumia kadi, na kadi yako ikifika, mtu mwingine usiyemjua anapewa anwani yako. Wengi huandika wanachotaka. Wakitaja Tanzania wanaandika simba, twiga, Kilimanjaro. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha, nikaamua kujitengenezea kadi.

Wilaya ya Mbozi, kijijini Ndolezi, kuna kimondo cha chuma, urefu wa mita 3 hivi. Vitabu vya zamani viliandika tani 12, siku hizi husemwa 16. Wazee walikijua tangu zamani. Wataalamu walikisikia mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokitolea taarifa. Kilikuwa nusu kimezikwa, wakachimba kukizunguka na kukiacha juu ya kikalio cha udongo, ambacho baadaye kiliimarishwa. Ukikigusa saa nane mchana kinaunguza. Saa kumi na mbili asubuhi kinauma vidole kwa baridi. Mwisho mmoja una jeraha bapa pale kilipokatwa sampuli, na pale chuma kinang'aa.

Nilipiga picha nikaenda kuisafisha studio, saizi ya postikadi. Karatasi ya picha ina mgongo laini, wino hauishiki. Ukipitisha kidole, salamu zinakuwa wingu. Kijana wa studio alipendekeza kalamu ya kuandikia sidii. Inaandika, ila inanuka na haipendezi. Sasa nabandika nyuma karatasi nyeupe ya uzito wa kadi, kwa gundi ya maji, nalaza chini ya Biblia na kamusi usiku kucha ili isijikunje, kisha napiga mstari wa katikati kwa rula, kama wa mwaka 1905. Kimondo kimeshafika Ufini, Taiwan na Brazili. Mama mmoja wa Ufini, aliyekuwa ameomba twiga, alinijibu kwamba ameibandika jikoni na wageni wanamuuliza kama ni viazi.

Nimeongeza kahawa ikianikwa kwenye chekeche, na wavuvi wa Ziwa Rukwa. Iliyobaki ni ya Tunduma yenyewe. Mwalimu mmoja wa Nakonde, naye mkusanyaji, anataka tufanye kadi pacha: yeye apige foleni kutoka upande wake, mimi kutoka wangu, siku moja, saa moja. Kupiga picha eneo la Kituo cha Pamoja cha Forodha, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019, si jambo la kujiamulia. Barua yangu ya kuomba kibali nimeshaipeleka, na yake anaiandika.